Tope Lilipoonja Hewa

Msiba wa Lwitiko Mwakasyuka ulidumu siku tisa, na kwa siku zote tisa hakuna mtu wa Masyeto aliyegusa mlango wa maji. Si kwamba hawakuuona. Waliupita asubuhi wakienda msibani na jioni wakirudi, uko wazi, maji ya kinamasi yakimwagika kuelekea mtoni kama yaliyofukuzwa nyumbani. Lakini mlango ule ulikuwa wa nyumba ya mfiwa, na kwa watu wa Masyeto chombo cha mfiwa hakiguswi mpaka tanga lianuliwe. Jembe lililoachwa shambani hulala shambani. Chungu kilichoachwa jikoni huota ukungu na kila mtu hukizunguka. Ndiyo heshima yao, na kwa heshima watu hao hawana mpinzani. Mara nyingine huwaponza.

Asubuhi ya siku ya kumi wanawake walimnawisha mjane mikono, wakamvua kitambaa cheupe kichwani, wakamwambia, "Sasa shika kazi, mwenzetu." Mjane huyo, Tusekile, hakungoja chai. Alivaa mabuti yake ya mpira akashuka bondeni, maana ndiye aliyekuwa msoma tope wa kijiji, na tangu siku ya kwanza ya msiba kulikuwa na jambo lililomkereketa chini ya majonzi yake yote. Hakukumbuka kuufunga mlango.

Alikuwa ameufungua mwenyewe. Asubuhi ile Lwitiko alipoanguka uani na kikombe mkononi, yeye alikuwa huku akipunguza maji kwa shubiri moja, kazi ya saa chache ya kuuachia mpunga uimarishe shina. Alifunga Mlango wa Juu, unaoleta maji ya mto, akafungua Mlango wa Chini, unaoyatoa. Jioni angegeuza. Kisha akasikia watu wanamwita jina lake kutoka kilimani, wengi kwa pamoja, akajua kabla hawajasema. Tangu hapo alikaa kwenye mkeka siku tisa, na mfiwa hataji kazi. Alijiambia kwamba mtu atakuwa ameufunga. Nani asingeufunga?

Alipofika ukingoni alisimama, akashika kiuno.

Kinamasi cha Masyeto kilikuwa kimekauka. Katikati, matete yalikuwa yamesimama kwenye tope tupu, na pembeni, kwenye majaruba ya mpunga, ardhi ilikuwa imepasuka vipande vipande. Mpunga wenyewe ulikuwa hai bado, kijani kilichoanza kuwa njano kwenye ncha, na tumbo la kila shina lilikuwa limevimba. Ulikuwa na mimba. Tusekile alichuchumaa, akaingiza mkono kwenye ufa, ukazama mpaka kwenye kifundo. Akang'oa bonge, akalivunja kama mkate.

Tope la Masyeto, likiwa na afya, lina rangi ya majivu yenye ubluu, na harufu yake hutia aibu mbele ya wageni. Kutu huonekana mahali pamoja tu, kwenye ala nyembamba inayouzunguka mzizi wa mpunga, kwa sababu mpunga huvuta hewa kwa majani na kuivujisha kidogo chini. Msoma tope anayejua kazi huangalia unene wa kutu hiyo akajua kila kitu. Sasa bonge zima lilikuwa na kutu, ndani na nje, na lilinukia udongo wa mvua ya kwanza. Ni harufu nzuri. Mkulima wa mahindi angeifurahia. Tusekile aliketi palepale.

Alitoa mfukoni kijiti cha kupimia naitreti, akalilowesha bonge kwa maji ya chupa, akakichoma ndani. Kwa miaka ishirini vijiti vyake vilikuwa vikitoka vyeupe kama vilivyoingia. Hiki kiligeuka waridi, kikaendelea kugeuka, kikafika zambarau na kutulia hapo.

"Lwitiko," alisema kwa sauti, kwa mazoea, kisha akakumbuka.

* * *

Naitrojeni ni kama mtu wa safari, haikai na vazi moja. Ndani ya tope lisilo na hewa huvaa amonia, na ikiwa amonia hung'ang'ania chembe za tope, ikakaa hapo ikingoja kuliwa na mizizi. Hewa ikiingia, kuna bakteria wanaoivua vazi hilo na kuivika jingine, naitreti, nayo naitreti haina rafiki wala ndugu. Haishikamani na kitu. Maji yakienda nayo inakwenda. Na ikikutwa na maji kabla haijatoroka, ikafunikwa mahali pasipo hewa, kuna bakteria wengine wa porini ambao kwa kukosa hewa huivuta yenyewe, wakaivunja ikawa gesi, ikapanda angani ilikotoka.

Zamani, hatua hizo mbili za mwisho ndizo zilizokuwa hadithi ya Masyeto. Mashamba makubwa ya parachichi huko juu milimani yalimwaga mbolea, mto ukaileta ikiwa naitreti, kinamasi kikaitupa angani, na mji wa Kasala kule chini ukanywa maji safi. Wenye mpunga walitazama chakula cha mpunga wao kikipita na kupotea, wakalima kwa njaa. Ndipo wataalamu wakaleta chachu.

Watu waliiita hivyo kwa sababu ililetwa ikiwa uji kwenye mapipa na ikatiwa kwenye tope kama unavyotia chachu kwenye unga. Walikuwa bakteria wa kutengenezwa. Kazi yao ilikuwa kuikamata naitreti inayoingia, kabla wale wa porini hawajaivunja, na kuirudisha kuwa amonia. Basi maji yakatoka safi na chakula kikabaki. Masyeto waliacha kununua mbolea. Kasala waliacha kuwaza mtambo wa kusafisha maji. Kila mwaka tope lilizidi kunona, na Tusekile, aliyekuwa amechaguliwa kulisoma, alizeeka akiwa mtu wa maana.

Chachu ilikuwa na kasoro moja ambayo wataalamu waliiita usalama. Iliumbwa ife ikionja hewa kwa siku tatu, isije ikatorokea kwenye mashamba ya watu wengine na kuharibu mambo. Ndiyo maana mkataba kati ya kijiji na mji ulikuwa na sharti moja kubwa: tope lisikauke kamwe. Likikauka, milango inakabidhiwa Mhimili.

Mhimili ulikuwa mtambo unaojiendesha, uliokuwa ukiendesha vinamasi vingine vyote vya bonde lile. Hauli, haulali, haufiwi. Ulifungua na kufunga maji kwa ajili ya mji, na mpunga haukuwemo katika hesabu zake. Kijiji cha jirani cha Isyoto kilikabidhiwa Mhimili mwaka mmoja wa kiangazi kibaya. Siku hizi wanalima mihogo vilimani, na ukiwauliza habari za mpunga wanabadilisha mazungumzo.

Masyeto hapakuwa na mashine. Kila Ijumaa Tusekile alipima tope sehemu kumi na mbili na kuupelekea mji kipimo alichokiandika kwa mkono wake, na mji uliamini. Neno la msoma tope lilikuwa kwenye mkataba, ibara ya pili.

* * *

Shemeji yake Asajile alimkuta bado ameketi kwenye jaruba. Alikuwa mdogo wa marehemu Lwitiko na mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye huruma nyingi na subira kidogo. Nyuma yake ukingoni walisimama wanaume kama kumi na majembe, wakingoja kusikia.

"Shemeji, ndaga fijo, ahsante sana kwa kushuka mapema," alisema. "Tufungue Mlango wa Juu sasa hivi. Mpunga una mimba. Ukikosa maji wiki hii utatoa makapi."

Tusekile alimwonyesha kijiti.

Asajile hakuwa mjinga. Alikitazama, akawapungia wale wanaume mkono wasogee mbali, akachuchumaa.

"Chachu?"

"Ya juu imekufa yote. Nimechimba mpaka kwenye kiwiko. Na amonia yote ya miaka ishirini iliyokuwa imelala humu imegeuka. Haijashikwa na kitu, shemeji. Inangoja maji tu."

"Yakija?"

"Yakija na kupita kama kawaida, yatabeba. Kipimo salama ni hamsini. Nimepiga hesabu mara mbili. Siku ya kwanza Kasala watapata mia tatu, ya pili mia mbili. Siku ya tano au ya sita yatakuwa yamerudi chini."

"Siku sita." Asajile alipumua. "Mtu mzima akinywa siku sita atafanywa nini?"

"Hatafanywa kitu."

"Sasa?"

"Na wa chupa?"

Asajile alikunja uso.

"Mtoto wa miezi miwili, mitatu, anayekorogewa maziwa ya unga," Tusekile alisema. "Naitreti ikiingia kwake, damu yake inashindwa kubeba hewa. Anaanza midomo, inakuwa ya bluu. Kisha kucha. Hana homa, halii sana. Mama anadhani amelala."

"Si wanachemsha maji?"

"Kuchemsha ndiko kunakoizidisha. Maji yanapungua, yenyewe inabaki."

Asajile aliokota kipande cha tope kavu, akakisaga vidoleni. "Wako wangapi hao?"

"Sijui. Mji wa watu elfu thelathini. Huenda thelathini, huenda arobaini. Watakaougua huenda mmoja. Huenda asiwepo."

"Mimi nazijua zangu. Nyumba mia tatu na kumi na mbili." Hakupandisha sauti. "Wewe unamwona mtoto mmoja ambaye hata hajapatikana, mimi naona hawa waliosimama pale na majembe. Maji yakipita haraka, chakula kingi kinabaki kwenye tope la chini, tunachota chachu iliyo hai huko kilindini, tunapanda upya. Miaka miwili tumesimama. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Na njia nyingine?"

"Nafunga Mlango wa Chini. Najaza maji, yanakaa hayatoki. Siku kumi na mbili. Bakteria wa porini wataivuta yote na kuirusha angani. Tope litabaki tupu. Na mji utabaki bila maji, kwa hiyo lazima waambiwe kwa nini, na wakiambiwa…"

"Mhimili." Asajile alisimama, magoti yakalia. Alitazama ule mlango, ambao kaka yake aliuchonga mbao zake na kuzibadilisha kila baada ya miaka minne. "Shemeji, nikwambie neno, na usinichukie. Watu hawa waliona mlango uko wazi siku tisa. Kila mmoja aliona. Hawakuugusa kwa sababu ya heshima yako wewe. Leo heshima hiyo ndiyo uwaadhibu nayo?"

Tusekile alilia, na hakulia kwa ajili ya mumewe. Kwa mara ya kwanza katika siku kumi alilia kwa ajili ya kitu kingine, na hilo nalo lilimuumiza.

"Nipe mpaka jioni," alisema.

* * *

Alasiri Mhandisi Ipyana Kalyembe alipanda kutoka Kasala kuja kuhani. Alikuwa msimamizi wa maji ya mji, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye tabia ya kuvua viatu mbali sana na mlango. Alileta sukari, mchele na kitenge cheusi, akaketi kwenye mkeka, akainamisha kichwa kwa muda unaostahili.

"Pole sana, mama. Nilitaka kuja siku ya maziko, nikakuta mto umejaa maji, kivuko hakipitiki."

"Yalikuwa maji yetu," Tusekile alisema.

Ipyana alitabasamu, akidhani ni utani wa kujikaza. "Mzee alinifundisha kufunga mbao za mlango. Nilikuwa mwanafunzi. Alinicheka wiki nzima."

"Alikuwa akimcheka kila mtu."

Walikunywa chai. Ipyana alizungusha kikombe, na Tusekile aliona kwamba kuna jambo analitafutia mlango wa kuingilia. Akamwacha ahangaike kidogo. Uzee una raha zake chache.

"Mama, sipendi kutaja kazi kwenye nyumba ya msiba," alisema hatimaye. "Siku ya tano leo hatupati maji kutoka huku. Matangi yetu yana siku tatu. Niliwaambia wenzangu wasikupigie simu, mtu amefiwa, apewe nafasi. Sasa nimekuja kukuomba tu, ukiwa na nguvu, utufungulie kidogo."

"Nimesikia."

"Na kuhusu kipimo cha Ijumaa iliyopita," aliongeza haraka, akiona haya, "usijisumbue. Nimeandika mwenyewe kwamba hali ni kama kawaida. Na cha kesho pia, kama hujisikii, nitaandika. Miaka ishirini hujawahi kutukosea, mama. Siku tatu nne si kitu."

Ilikuwa huruma ya kweli, na ndiyo iliyokuwa mbaya. Tusekile aliona jinsi jambo lote lilivyokuwa jepesi. Hakuhitaji hata kusema uongo. Alihitaji kusema ahsante, kumsindikiza mgeni mpaka njiani, na kushuka bondeni kugeuza gurudumu la Mlango wa Juu. Kesho kutwa mpunga ungekuwa umesimama. Na kama huko Kasala mtoto angelala asiamke, nani angekuja kuuliza tope la Masyeto? Watoto hufa kwa mambo mengi. Angejua yeye na Asajile tu, na pengine hata wao wasingejua kwa hakika, wangebaki wakihesabu siku.

Alijiuliza Lwitiko angesema nini, akagundua kwamba hajui. Walikuwa wameishi miaka thelathini na sita na hajui. Uamuzi ulikuwa wake peke yake.

Ipyana alikuwa ameshainuka, anatafuta viatu.

"Kaa, mwanangu," Tusekile alisema. "Chai yako haijaisha."

"Imeisha, mama."

"Basi kaa bila chai."

Alimweleza yote kwa utaratibu, kama anavyosoma tope, kutoka juu kwenda chini: mlango, siku tisa, kutu, kijiti. Hakumtaja Asajile. Ipyana alisikiliza, uso ukimbadilika polepole, na mwisho alifunika macho kwa kiganja.

"Mama," alisema, "mbona hukuniacha niende?"

"Nusura nikuache."

"Sasa nimeshasikia. Siwezi kutosikia. Nikirudi lazima niandike, na nikiandika tu milango si yenu tena." Alikuwa kama anayemwomba. "Mpunga wenu…"

"Utakaa ndani ya maji bila chakula. Utazaa kidogo. Mwaka ujao kidogo zaidi. Mhimili hauweki chachu, si ndivyo?"

"Hauweki. Kwa mji, bakteria wa porini wanatosha."

"Najua. Nilitaka uniambie wewe."

Uani kuku walikuwa wakipekua majivu ya meko makubwa ya msiba.

"Tutafute maji ya chupa kwa hospitali kwanza," Ipyana alisema, kama mtu anayeamka. "Na kwa wenye watoto wachanga. Waliobaki watateka kisima cha zamani, kina chumvi lakini hakiui. Siku kumi na mbili, una hakika?"

"Nikipata majani makavu ya kutosha. Wale wa porini wakikosa chakula wanaachia kazi nusu, wanatoa gesi chafu inayopasha anga joto. Wakishiba wanamaliza." Alisita. "Majani wanayo watu wa hapa. Ndiyo ya kulishia ng'ombe wao mpaka mvua. Itabidi niwaombe."

* * *

Aliwaomba jioni ileile, amesimama mbele ya nyumba yake, na hakuna aliyekubali. Wanawake waliomnawisha mikono asubuhi walitazama chini. Mzee mmoja alisema, si kwa ukali, kwamba laiti wangelijua wangeufunga ule mlango na kumlipa mfiwa faini ya jogoo. Watu walitawanyika. Tusekile alishuka bondeni peke yake, akafunga Mlango wa Chini, akafungua wa Juu, na maji ya mto yakaingia yakitoa povu kwenye nyufa.

Kulipokucha alikuwa ameshabeba mizigo minne ya majani yake mwenyewe na kuitawanya, akiikanyaga izame. Alikuwa kwenye wa tano aliposikia gari la ng'ombe. Asajile alikuwa analiongoza, limejaa majani mpaka magurudumu yanalia.

"Sijakusamehe," Asajile alisema. "Nimeleta majani."

"Ahsante, shemeji."

"Usiniambie ahsante. Nionyeshe niyaweke wapi."

Mchana walikuja wengine. Walikuja kwa uchungu, bila nyimbo, kila mmoja akimwaga furushi lake na kuondoka. Lakini walikuja, maana Masyeto mtu akishaomba mbele ya mlango wake hawezi kuachwa afanye peke yake, hata kama kila mtu anamlaani moyoni. Heshima ile iliyowaponza haikujua kuchagua siku.

Siku ya tatu viputo vilianza. Vilipanda kutoka chini, vidogo kwanza, kisha vingi mpaka uso wa maji ukawa unachemka bila moto. Watoto walifurahi, wakubwa hawakufurahi. Kila aliyesimama pale alijua anachokiona. Ile ilikuwa mbolea ya parachichi za watu, iliyokamatwa na kuwekwa akiba miaka ishirini, ikivua vazi lake la mwisho na kwenda zake mawinguni. Asajile alitazama kwa muda mrefu.

"Haina hata harufu," alisema.

"Haina."

"Kitu kikubwa hivyo kikiondoka kingenuka basi, mtu ajue."

Siku ya tano walikuja mafundi wa Mhimili. Walifunga injini kwenye milango yote miwili, wakaondoa gurudumu la mbao, wakamuuliza Tusekile kwa adabu waliweke wapi. Aliwaambia waliache hapo chini. Ipyana alikuja nao, akatia sahihi makaratasi, na hakuweza kumtazama usoni, ingawa alivua viatu kwenye ukingo wa matope kama anaingia sebuleni.

Tusekile alipima kila siku, sehemu kumi na mbili, ijapokuwa sasa injini zilikuwa na vipimo vyake. Zambarau. Zambarau. Waridi iliyokoza. Waridi. Siku ya tisa rangi ya ufizi wa mtoto. Siku ya kumi na mbili asubuhi vijiti vyote kumi na viwili vilitoka vyeupe, na saa mbili baadaye injini ya Mlango wa Chini ilinguruma yenyewe na kuanza kupanda, bila kumuuliza mtu. Maji yakatoka, safi, yakishuka kwenda Kasala.

Mpunga ule ulizaa theluthi. Baada ya mavuno familia kumi na tisa zilihamia vilimani, na Tusekile alisalimiana na kila moja njiani, nyingine ikaitika na nyingine isiitike.

* * *

Siku moja ya soko alishuka Kasala kununua chumvi. Hakuwa amefika mjini tangu msiba. Alitembea akitazama mabomba ya mtaani yakitiririka, ndoo zikiwa kwenye foleni, mwanamke akimwogesha mbwa. Hakukuwa na kitu cha kuona. Zahanati ilikuwa na watu wa kawaida, wenye kikohozi na wenye majipu. Alikuwa ameuliza, kupitia kwa Ipyana, na jibu lilikuwa kwamba miezi ile hapakuwa na mtoto aliyeletwa na midomo ya bluu. Hata mmoja. Aliliwaza jibu lile mara nyingi. Hakuna mtu duniani angeweza kumwambia kama bila yeye pangekuwepo.

Alipumzika kwenye benchi nje ya duka la chumvi. Binti mmoja alikuja akaketi karibu naye, mtoto mgongoni, mkoba begani, anahema. Alimshusha mtoto mapajani, akatoa chupa, akaijaza kwenye bomba la duka, akatia unga wa maziwa na kutikisa.

"Shikamoo, mama. Naona mzigo, umetoka mbali?"

"Marahaba. Natoka Masyeto."

Uso wa binti ulibadilika. "Ninyi ndio mliotukatia maji siku kumi na mbili nzima! Mimi nina mtoto mchanga, nilikuwa napanga foleni ya maji ya chupa alfajiri, mgongo mpaka leo hauko sawa. Wanasema eti mlisahau mlango wazi. Mlango! Watu wazima!"

"Ni kweli."

"Mlikuwa wapi?"

"Tulifiwa," Tusekile alisema. "Tusamehe, mwanangu."

Binti alishusha pumzi. Mtu aliyefiwa hagombezwi, hata Kasala. "Poleni," alisema, bado amenuna kidogo. Kisha akamgeuza mtoto, akamtia chupa mdomoni.

Mtoto alikuwa wa miezi mitano hivi, mwenye mashavu, na alinyonya kwa kelele, macho yamemtoka, mkono mmoja ukikamata hewa. Tusekile aliuinamia mkono ule akatazama kucha zake. Zilikuwa za waridi. Akatazama midomo. Duka lilikuwa linakaribia kufungwa, na muuza chumvi alimwita mara mbili, lakini hakuinuka mpaka chupa ilipokwisha.